Nidhamu na Uaminifu kwa Mungu: Mwongozo Kamili wa Kuimarisha Imani Yako

Danieli alipojua kwamba amri ya mfalme Dario imekwisha kutiwa sahihi, na kwamba yeyote atakayeomba dua kwa mwingine zaidi ya mfalme ndani ya siku 30 atatupwa katika tundu la simba, aliingia nyumbani mwake. Madirisha ya chumba chake yalikuwa wazi kukabili Yerusalemu. Akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali na kushukuru, "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo" (Danieli 6:10). Wakati huo alikuwa mzee. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, na kufikia siku za Dario dola ya Babeli ilikuwa imeshaanguka, mwaka 539 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 60 tangu atekwe. Mahubiri mengi hukazia simba. Mimi naona nguvu ya habari hii iko katika yale maneno ya mwisho ya aya.

Wengi wetu humwomba Mungu atuongezee imani tukiwa tayari tumo ndani ya jaribu. Ombi hilo ni jema, na Mungu hulisikia. Lakini imani ambayo Danieli aliitumia siku ile ilijengwa katika maelfu ya siku ambazo hakukuwa na amri, wala simba, wala mtu wa kumtazama. Mwongozo huu unahusu siku hizo za kawaida: ufanye nini, uanzie wapi, na ufanye nini unapoanguka.

Kwanza, elewa nidhamu inafanya kazi gani

Nidhamu haiokoi. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani," asema Paulo, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu" (Waefeso 2:8-9). Ukianza ukidhani kila sura unayoisoma inakuongezea haki mbele za Mungu, ukifanikiwa utajivuna na ukishindwa utakata tamaa. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote, lakini akashuka nyumbani bila kuhesabiwa haki. Ratiba yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wetu. Shida ni kwamba alijitumainia mwenyewe.

Sasa nidhamu inaisaidiaje imani? Warumi 10:17 inajibu: imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo. Imani haiongezeki kwa kukaza moyo na kujilazimisha usiwe na mashaka. Inakua mtu anapoendelea kumsikia Mungu, na nidhamu ndiyo inayokurudisha mahali pa kusikia hata siku ambayo mwili umechoka na moyo hautaki. Ndiyo maana Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anatumia mfano wa wanaoshindana mbio na kusema anautesa mwili wake na kuutumikisha. Mkimbiaji hapati pumzi siku ya mashindano; anakwenda nayo.

Na hata jitihada hiyo hatuibebi peke yetu. Uaminifu na kiasi vyote viwili vimo katika tunda la Roho la Wagalatia 5:22-23. Kwa hiyo omba kabla ya kuanza, na omba kwa maneno ya wazi: "Bwana, sina uwezo wa kudumu. Nipe kutaka, unipe na kutenda." Hilo ni ombi linalotoka katika Wafilipi 2:13.

Hatua ya 1: Amua kabla jaribu halijafika

Danieli "aliazimu moyoni mwake" kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme (Danieli 1:8). Hakusubiri aone harufu ya chakula inamfanyaje. Maamuzi mengi tunayojutia tuliyafanya papo hapo, tukiwa na njaa, hasira, upweke au hofu ya kupoteza kazi.

Chukua karatasi. Andika maeneo mawili au matatu ambayo unajua kabisa ndiko unakoanguka. Kisha kwa kila eneo andika sentensi moja ya kitendo. "Nataka kuwa mtakatifu zaidi" haikusaidii saa nne usiku. Andika hivi:

- Sitatia sahihi hesabu au ripoti ambayo najua si ya kweli, hata nikiagizwa.
- Simu hailali chumbani kwangu.
- Nikikasirika sijibu ujumbe hapo hapo; nasubiri hadi kesho yake.

Ziite maazimio, usiziite nadhiri. Mhubiri 5:5 inaonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na nimeona watu wakijifunga kwa viapo vikubwa baada ya mkutano wa injili, halafu ndani ya muda mfupi wakaishi na hatia iliyowazidi. Mambo matatu unayoyafuata yana faida kuliko kumi na mbili yaliyobandikwa ukutani.

Angalia pia jinsi Danieli alivyosema na msimamizi wake. Aliomba kwa adabu, akapendekeza yeye na wenzake wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Kumwamini Mungu hakumhitaji mtu awe mkorofi kwa watu.

Hatua ya 2: Weka saa na mahali

Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko (Marko 1:35). Ukisoma aya zilizotangulia utaona kwamba jioni yake watu wa mji wote walikuwa wamekusanyika mlangoni, naye akawaponya wengi. Alikuwa na kila sababu ya kulala. Na Petro alipomfuata na kumwambia "Watu wote wanakutafuta", alijibu kwamba waende vijiji vya karibu, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoijia. Naamini utulivu wa jibu hilo ulitoka katika ile saa ya alfajiri. Asiye na wakati na Mungu huendeshwa na kila anayemtafuta.

Chagua saa unayoweza kuilinda siku tano au zaidi kwa juma. Asubuhi ni bora kwa wengi, lakini mama mwenye mtoto mchanga au mlinzi anayetoka zamu ya usiku asijilaumu. Saa yake inaweza kuwa mchana. La muhimu ni iwe ile ile. Ukisema "nitaomba nikipata nafasi", hutaipata.

Anza na dakika 20. Mtu aliyezoea dakika tano akijipangia saa mbili hawezi kufika mbali. Chagua na mahali: kiti kile kile, kona ile ile. Jioni yake andaa Biblia, daftari na kalamu, ili asubuhi usianze kwa kutafuta vitu. Simu iache chumba kingine. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, zima intaneti kabla hujaifungua, maana ujumbe mmoja tu unatosha kukutoa mbele za Mungu na kukupeleka sokoni.

Na usingizi? Ibada ya asubuhi huamuliwa usiku uliotangulia. Ukilala saa saba usiku ukitazama video, usishangae kusinzia ukiwa magotini.

Hatua ya 3: Soma Neno kwa mpango, usome kidogo kwa kina

Kufungua Biblia popote na kusoma aya inayojitokeza hakujengi imani imara. Vivyo hivyo kutegemea aya unazotumiwa kila asubuhi kwenye simu. Zinatia moyo, lakini zimechaguliwa na mtu mwingine, na karibu zote ni za baraka. Hutatumiwa Ayubu 3, pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa.

Hesabu hii itakusaidia. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, unalimaliza kwa majuma 52, mwaka mmoja kamili, na siku mbili za kila juma zinabaki za kufidia ulizokosa au kurudia ulizopenda. Zaburi ziko 150. Tano kwa siku huzimaliza kwa siku 30. Injili ya Marko ina sura 16 tu, na kama hujawahi kusoma kitabu chochote cha Biblia kuanzia mwanzo hadi mwisho, anzia hapo. Biblia nzima yenye sura 1,189 inahitaji sura tatu na kidogo kila siku kwa mwaka, nami nashauri uiachie mwaka wa pili.

Kusoma kwa kina kunafanana na nini? Tuchukue Zaburi 13, yenye aya sita tu.

Isome mara ya kwanza kwa sauti, polepole. Mara ya pili, tafuta kinachorudiwa. Utaona "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi analalamika, na analalamika kwa Mungu mwenyewe, hasengenyi. Aya ya 3 na 4 anaomba: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Halafu aya ya 5 inageuka ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Jiulize kilichobadilika. Adui hajaondoka. Hakuna taarifa kwamba ombi limejibiwa. Kilichobadilika ni pale alipoweka macho yake: alikuwa akitazama muda na adui, sasa anazitazama fadhili za Mungu.

Sasa andika mistari mitatu katika daftari. Mmoja: nimeona nini kuhusu Mungu? Hapa, kwamba anaruhusu kuulizwa "hata lini". Wa pili: "hata lini" yangu mimi ni ipi? Andika kwa jina lake: ugonjwa, deni, ndoa, mtoto aliyepotea. Wa tatu: leo nitafanya nini? Labda kumwambia Mungu malalamiko ambayo umekuwa ukimwambia kila mtu isipokuwa yeye.

Mwisho, chagua aya moja kwa juma uikariri. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi" (Zaburi 119:11). Yesu nyikani hakuwa na gombo mkononi. Alimjibu Ibilisi mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati aliyokuwa nayo moyoni.

Hatua ya 4: Omba kwa mpangilio, na nje ya mpangilio

Baada ya kusoma, omba ukianza na ulichokisoma. Hii inawasaidia sana wanaosema "maneno yananiishia". Kisha shukuru kwa mambo yenye majina, ungama dhambi kwa majina yake, ombea watu kwa orodha, ndipo ulete mahitaji yako. Orodha igawe kwa siku: familia Jumatatu, kazi na viongozi Jumanne, wagonjwa Jumatano, na kuendelea, isije ikawa ndefu hadi ukaiogopa. Acha nafasi pembeni ya kila ombi uandike tarehe lilipojibiwa. Baada ya mwaka utakuwa na ushahidi wako mwenyewe wa uaminifu wa Mungu, na siku ya mashaka utaufungua na kuusoma.

Wakristo wa kale walikuwa na desturi ya kuomba Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Didake, maandishi ya kanisa la mwanzo, inaagiza hivyo. Si lazima uige, ila kusimama dakika mbili mchana katikati ya kazi na kusema "Baba yetu uliye mbinguni" kwa kumaanisha kunaigeuza siku nzima.

Hatua ya 5: Funga kwa busara

Yesu alisema "nanyi mfungapo", akionyesha anatarajia wafuasi wake wafunge, na akaonya dhidi ya kukunja uso ili watu waone (Mathayo 6:16-18). Anza kwa kuacha mlo mmoja kwa juma, na muda wa mlo huo uutumie kuomba. Ukifunga chakula huku ukishinda kwenye simu, umeshinda njaa tu.

Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kwanza. Anaweza kufunga vitu vingine: mitandao ya kijamii, televisheni, mabishano. Na soma Isaya 58 kabla ya mfungo wowote. Mungu anawaambia watu waliokuwa wakifunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao kwamba saumu aliyoichagua ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Aliyefunga siku tatu na bado hajamlipa mtu aliyemfanyia kazi ana jambo la kumaliza kwanza.

Hatua ya 6: Kuwa mwaminifu mahali pasipo na shahidi

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mtu anaweza kufuata hatua zote zilizotangulia akabaki mtu yule yule.

Yusufu alikuwa mtumwa katika nchi ya kigeni, mbali na baba yake, na mke wa Potifa alimsumbua siku baada ya siku. Hakuna Mwebrania mwenzake ambaye angejua. Jibu lake lilikuwa: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" (Mwanzo 39:9). Na thawabu ya uaminifu huo ilikuwa gereza. Tusifiche sehemu hii tunapofundisha vijana. Uaminifu kwa Mungu unaweza kukugharimu cheo, uchumba au marafiki, na malipo yake yanaweza kuchelewa. Aya inayofuata kufungwa kwake inasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu, na hilo analipata mwaminifu hata kabla mlango wa gereza haujafunguka.

Pima uaminifu wako katika mambo haya. Ukiahidi kufika saa tatu, unafika saa ngapi? Ukirudishiwa chenji iliyozidi, unafanya nini? Muda wa mwajiri unautumiaje asipokuwepo? Ukikopa, unatoa taarifa siku ya kulipa ikipita, au unaacha kupokea simu? Ukisema "nitakuombea", unaomba? Historia ya simu yako ikisomwa na mwenzi wako, utakuwa na amani? "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia" (Luka 16:10), na aya hiyo Yesu aliisema akizungumzia mali. Kwa hiyo fedha iingie katika mpango wako. Tenga sadaka siku ile ile unapopokea kipato, kabla ya matumizi, kama Paulo alivyowaagiza Wakorintho waweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwao.

Uaminifu huu unaimarisha imani kwa sababu dhamiri safi humpa mtu ujasiri wa kuomba. Ukiomba huku kuna jambo unalificha, maombi yenyewe huanza kukutisha, na taratibu unayakwepa. Wengi wanaosema imani yao imepoa hawakuzidiwa na maswali magumu. Kuna jambo moja walikataa kuliacha.

Hatua ya 7: Tafuta mtu wa kukuuliza

Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja, na Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana. Ibada ya Jumapili pekee haitoshi kwa hili la pili. Huwezi kuungama katikati ya umati. Mwaka 1738 John Wesley, mhubiri wa Uingereza, aliandika kanuni za vikundi vidogo vilivyokutana kila juma, na moja ya maswali aliyoulizwa kila mmoja ilikuwa: ni dhambi gani unazojua umezitenda tangu tulipokutana mara ya mwisho?

Tafuta mtu mmoja au wawili, wa jinsia yako, waliokomaa na wanaotunza siri. Mpe karatasi yako ya Hatua ya 1. Mkutane kila juma, hata kwa nusu saa, naye akuulize yale uliyoandika bila kuzunguka. Kama unamwogopa kiasi cha kumdanganya, mbadilishe.

Unapoanguka

Utaanguka. Utakosa siku tatu za kusoma, au utarudia dhambi uliyoiapia. Usifidie kwa kusoma sura kumi na tano usiku mmoja. Ruka ulizokosa, endelea na ya leo. Kwa dhambi, ungama siku hiyo hiyo (1 Yohana 1:9), rekebisha ulichoharibu kwa mtu, kisha mwambie yule mwenzako kabla hajakuuliza. Mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena (Mithali 24:16). Petro alimkana Bwana mara tatu, na Yesu alipomrudia kando ya bahari hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza mara tatu, "wanipenda?", akampa kondoo wa kulisha.

Halafu kuna majira makavu, ambapo hujaanguka popote, unaomba na kusoma, ila husikii chochote. Usiongeze saa za maombi kwa hofu, na usiache. Punguza kama umechoka mwili. Hata Eliya alilishwa na kulala kabla ya Mungu kusema naye. Rudi kwenye Zaburi za malalamiko, na soma tena daftari la maombi yaliyojibiwa. Shadraka na wenzake walimwambia mfalme Nebukadreza, aliyetishia kuwatupa motoni, kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu (Danieli 3:17-18). Walijua anaweza, hawakujua kama atafanya, wakakaa upande wake.

Kila mwisho wa mwezi

Tenga saa moja, na daftari lako, ujibu maswali manne. Nimejifunza nini kipya kuhusu Mungu mwezi huu? Azimio lipi nimelishika, lipi nimelivunja, na nilikuwa wapi na nani nilipolivunja? Je, wanaoishi nami wanaona mabadiliko? Hili waulize wenyewe, usijijibie. La nne: kuna kitu katika ratiba hii kimegeuka kuwa cha kujionyesha? Kikiwepo, kifanye mwezi unaofuata bila kumwambia mtu. Azimio lililokushinda usilifute. Lipunguze hadi mahali unapoweza kulianza tena kesho asubuhi.